Stefano Kaoze na ile shule ndogo ya Mpala

Mtu mwenye anatoka Kalemie kwa mashua na kufuata ukingo wa Ziwa Tanganyika kuelekea kusini, anapita vijiji vya wavuvi, anaona ndakala zimeanikwa juu ya mchanga, halafu anafika Mpala, pale mto Lufuko unaingia ziwani. Akiendelea mbele anafika Moba, na nyuma ya Moba kunapanda milima ya Marungu, yenye baridi na majani ya ng'ombe. Siku za leo Mpala ni fasi ndogo. Lakini ndani ya hiyo fasi ndogo ilianzishwa shule moja, na katika hiyo shule alitoka mtoto mwenye jina lake linapaswa kujulikana na kila mwanafunzi wa Tanganyika, wa Katanga na wa Kivu. Ni Stefano Kaoze.

Wengi wanajua kintu kimoja tu juu yake, kwamba alikuwa padri wa kwanza wa Congo. Ni kweli, ila tuseme vizuri: padri wa kwanza wa wakati wetu. Maana zamani sana, mu ufalme wa Kongo kule magharibi, kulikuwa mapadri weusi, hata na askofu mmoja, Henrique, mtoto wa mfalme Afonso, katika miaka ya 1500. Ile mbegu ilikufa. Kisha zikapita karne nyingi mpaka 1917. Lakini sisi hatutaki kusimama pa hilo neno la padri wa kwanza. Tunataka kueleza pia kazi yake ya pili, yenye wengi wamesahau: kazi ya kalamu.

Kwa kumwelewa Kaoze, tuanze na udongo wenye alizaliwa juu yake. Hatuna tarehe kamili ya kuzaliwa kwake. Wakati ule hakuna mtu aliandika siku ya mtoto kuzaliwa. Wanahesabu karibu na mwaka 1885, ao miaka michache baadaye. Watu wa kwao ni Watabwa, wa ukoo wa Wasanga, wa inchi ile yenye iko kati ya ziwa na milima ya Marungu.

Na ile miaka ilikuwa miaka mibaya. Biashara ya watumwa ilikuwa imeingia mpaka ndani. Misafara ilivuka ziwa na pembe za ndovu na watu wenye kufungwa, kuelekea pwani ya mashariki. Wakubwa wengine wa pale pale walinunua bunduki na kuuzisha majirani yao. Katika 1883 akafika ofisa mmoja wa Ubelgiji, Émile Storms, aliyetumwa na ile Association ya mfalme Léopold. Akajenga ngome yake pa Mpala. Storms hakutaka mkubwa mwingine mbele yake. Na juu ya milima kulikuwa Lusinga, sultani mwenye nguvu, mwenye bunduki nyingi, mwenye alifanya pia hiyo biashara ya watu. Mwezi wa Desemba 1884 Storms akatuma watu wake kijijini mwa Lusinga. Lusinga akauawa, na kichwa chake kikakatwa.

Tunajua kama hadithi hii inauma, lakini hatuwezi kuiruka, kwa sababu mwisho wake unagusa maisha ya Kaoze. Storms alirudia Ulaya katika 1885 na akabeba lile fuvu. Kule Bruxelles, katika 1886, daktari mmoja wa elimu ya wanadamu, Émile Houzé, akalipima. Akapima urefu na upana wa mifupa, kisha akaandika mambo juu ya aina ya watu wenye vichwa vya namna ile. Ndivyo Wabelgiji wa elimu walifahamiana na watu wa Marungu kwa mara ya kwanza: kwa kupima kichwa cha mtu mwenye hawezi kujibu. Fuvu la Lusinga lingali Bruxelles mpaka siku zetu, na mabishano juu ya kulirudisha hayajaisha. Sanamu ya Storms yenye ilisimama pale, iliondolewa mu 2022.

Basi, Kaoze alizaliwa karibu na miaka ile ile, katika inchi ile ile. Tukumbuke hilo, tutalirudilia.

Katika 1885 Storms alipoondoka, ngome ya Mpala ilitolewa kwa mapadri wa Kardinali Lavigerie, wale wenye tunawaita Mapadri Weupe. Kardinali alikuwa na wazo la kuanzisha ufalme wa Kikristo katikati ya Afrika, na Mpala ingekuwa mwanzo wake. Ilitakiwa askari wa kuulinda. Katika 1887 akafika Captain Léopold Joubert, Mfaransa, aliyekuwa askari wa Papa kule Roma. Huyu hakurudi kwao tena. Alioa binti wa inchi, akajenga Saint-Louis de Mrumbi karibu na Moba, akapigana miaka mingi na wawinda-watu, akazeeka hapa hapa, akafa katika 1927. Wazee wa Moba walimwita Captain tu, sawa vile hakukuwa captain mwingine duniani.

Watu wakakimbilia Mpala. Wengine walikombolewa kwa vitambaa na shanga, wengine walikuja wenyewe kutafuta usalama. Watoto walikuwa wengi, na mapadri wakaanza kuwafundisha. Tusione hiyo misheni kama mbingu. Mapadri walikuwa watawala pia: walihukumu, walipanga kazi za mashamba na za matofali, na mtu wa kuishi pale alipaswa kufuata kengele. Lakini kwa mama mwenye ameona jirani yake anafungwa kamba kwa shingo, kengele haikuwa kitu kibaya sana.

Ndani ya hiyo hali akafika mtu wa kuendesha mambo kwa miaka karibu makumi matano: Victor Roelens, Mbelgiji wa Flandre. Katika 1895 alipewa ukubwa wa Kanisa katika Haut-Congo yote, na katika 1896 akawekwa askofu. Makao yake yalikuwa Baudouinville, mji wa misheni wenye ulijengwa tangu 1893 juu ya Moba, pale tunapoita Kirungu. Roelens alikuwa mtu mgumu na mwenye bidii. Alitaka makanisa ya matofali, barabara, mashamba ya ngano. Alitaka pia kitu chenye wakoloni wengi wa wakati ule waliona kama mchezo: mapadri weusi. Hakukuwa rafiki wa usawa, hapana. Aliamini kwamba Waafrika wanaitaji kuongozwa muda mrefu sana. Lakini alijua pia kama Kanisa lenye kutegemea wazungu peke yao litakufa siku wazungu watakufa, na kando ya ziwa wazungu walikuwa wanakufa haraka, kwa homa.

Kwa hiyo, karibu na 1899, akafungua pa Mpala shule ndogo ya watoto wateule. Kaoze akaingia pale akiwa kijana mdogo.

Tufikirie vizuri namna ya ile shule. Haikuwa na hadhi ya collège ya leo. Ilikuwa watoto wachache, mapadri wa kufundisha, chumba cha kulala, jembe la shamba na mabuku machache. Kiswahili kilikuwa lugha ya misheni nzima, maana watu walikuwa wametoka makabila mengi. Mtoto wa Kitabwa alisoma kwanza kwa Kiswahili, kisha akaanzishiwa Kilatini, lugha yenye hakuna mtu hata mmoja anaizungumza sokoni. Kifaransa nacho kikafuata. Kila siku saa za sala, saa za masomo, saa za kazi ya mikono. Na kila mwaka wengine walirudi nyumbani. Huyu alirudishwa kwa sababu ya ugonjwa, yule alitaka kuoa, mwingine jamaa yake walikuja kumchukua. Maana kwa mzee wa Kitabwa, mtoto mwanaume kukubali kuishi bila mke wala watoto ilikuwa sawa na kukubali kufa angali mzima. Jina la ukoo litabebwa na nani? Hiyo haikuwa shida ya theolojia, ilikuwa shida ya mama jikoni. Na Kaoze aliibeba maisha yake yote.

Wakati ule ugonjwa wa malale ulikuwa umeingia kando ya ziwa. Uliua watu wengi sana, vijiji vizima vikabakia majani. Karibu na 1905 seminari ndogo ikatoka Mpala na kupanda mlimani, pa Lusaka. Tunasema Lusaka ya kwetu, ile misheni ya Marungu, si mji mkuu wa Zambia. Kwa miaka mingi sana, mtu akisema amesoma Lusaka, watu wa Tanganyika walielewa mara moja: huyu amekula ugali wa seminari, anajua Kilatini, usibishane naye sana. Mapadri wengi, walimu, makarani, na baadaye watu wa siasa na wa Leta, walipitia mlango ule ao walifundishwa na wale wenye waliupita.

Kaoze hakukaa sana Lusaka. Yeye alikuwa mbele ya wengine, akashuka Baudouinville kwa masomo makubwa ya falsafa na theolojia. Mwalimu wake alikuwa Padri Auguste Huys, mwenye baadaye alifanywa askofu wa kumsaidia Roelens. Kule Kaoze alifundishwa namna ya kufikiri ya mashule ya Kikatoliki ya Ulaya: kugawanya neno, kulipatia maana yake, kutenganisha akili na utashi, utashi na hisia, kujibu kizuizi kimoja kimoja. Wengine walipomaliza hayo masomo waliyatumia kwa kujibu mitihani. Kaoze aliyatumia kwa kutazama watu wa kwao.

Hapa ndipo tunataka msomaji asimame kidogo. Katika 1910 na 1911, mu gazeti moja la Ubelgiji lenye kuitwa La Revue Congolaise, kukatokea maandiko kwa Kifaransa juu ya saikolojia ya Wabantu. Mwandishi wake alikuwa Stefano Kaoze. Hakuwa padri bado. Alikuwa mseminari mweusi wa Baudouinville, kijana wa miaka karibu makumi mawili na tano. Congo ilikuwa imetoka juzi tu mikononi mwa Léopold, katika 1908, na kuwa koloni ya Ubelgiji. Dunia nzima ilikuwa inazungumza juu ya mikono ya kukatwa na kauchu ya damu. Watu wa elimu kule Ulaya walikuwa wanabishana kama mtu mweusi ana akili ya kufikiri mambo yasiyoshikika. Wabishani wote walikuwa wazungu. Na ndani ya mabishano hayo anaingia kijana wa Marungu na kalamu yake.

Alisema nini? Alifuata mpango wenye alifundishwa shuleni. Akazungumza juu ya akili ya watu wake, vile wanajua na kukumbuka, vile wanahukumu jambo na kutoa sababu. Akazungumza juu ya utashi na juu ya moyo. Alitaka kuonyesha kwamba watu wa kwao wana akili ya kweli, sawa na wanadamu wengine, na kwamba anayetaka kuijua anapaswa kuwasikiliza katika lugha yao.

Hatutadanganya wasomaji wetu. Ukisoma leo yale maandiko, utapata fasi zenye zitakukasirisha. Kaoze alikuwa mwanafunzi wa misheni. Hakusifu kila desturi ya wakubwa wake. Nyingi alizitazama kwa macho ya walimu wake. Aliandika kwa Kifaransa, kwa wasomaji wazungu, na mapadri walisoma karatasi yake kabla haijatoka. Hakuna pale neno la kudai uhuru. Mtu mwenye anatafuta Lumumba katika Kaoze anapoteza wakati wake.

Lakini rudi sasa kwa fuvu la Lusinga. Miaka makumi mawili na tano hivi mbele ya hapo, watu wa elimu wa Bruxelles walitaka kujua watu wa Marungu wanafikiri namna gani, wakachukua kipimo na kupima mfupa. Sasa mtu wa inchi ile ile anawaletea jibu, na jibu linatoka kinywani mwa mtu mzima. Kaoze hakumtaja Storms kwa kumshitaki. Hakukuwa na nafasi ya hilo, na pengine hakutaka. Kazi yake yenyewe ilitosha. Mtu akiandika kurasa nyingi juu ya namna watu wa kwao wanafikiri, na kurasa zikachapwa Ubelgiji, hauitaji tena kumwuliza kama anaweza kufikiri.

Tuongeze hili: buku la Padri Placide Tempels juu ya falsafa ya Kibantu, lenye dunia yote inalijua, lilitokea Elisabethville katika 1945. Kaoze alikuwa amemtangulia kwa miaka makumi matatu na zaidi. Tempels aliitwa mwanzilishi, Kaoze akasahauliwa. Ilipaswa kungojea mpaka miaka ya 1970 ndipo walimu wa falsafa wa kule Kinshasa walitoa yale maandiko katika vumbi na kuyachapa upya. Mwalimu Mudimbe, mtoto wa Likasi, aliandika pia juu yake katika mabuku yake, na kwa njia hiyo wanafunzi wa Marekani walijua jina la Kaoze mbele ya wanafunzi wa Kalemie. Hiyo ni haya kwetu.

Baada ya yale maandiko, Kaoze alirudia masomo yake. Alingoja. Tangu 1899 mpaka 1917 ni miaka 18. Mzungu wa rika lake angekuwa padri kitambo. Roelens hakutaka haraka: alijua kwamba huyu wa kwanza akianguka, wabaya wa kazi hii watafunga mlango kwa miaka mia. Kwa hiyo kijana mmoja alibebeshwa mzigo wa kuwa jibu kwa ajili ya watu wote weusi wa koloni. Wenzake wengi wa zamani wa Mpala walikuwa wameisha kuoa, walikuwa wakatekista na maseremala wenye watoto wa kukimbia uani. Yeye alikuwa bado anaitwa mwanafunzi.

Na kati yake kukaja vita. Katika 1914 ziwa letu likawa mpaka wa vita: Wajerumani ng'ambo ile, Wabelgiji huku. Merikebu zilipigana majini, Kalemie ikawa kambi. Watu wa kando ya ziwa walibeba masanduku ya jeshi kwa mabega yao mpaka Tabora, yenye ilishikwa mwezi wa Septemba 1916, na wengi hawakurudi. Katika hali hiyo ya njaa na vilio, tarehe 21 Julai 1917, siku ya sikukuu ya Ubelgiji, Roelens alimwekea Stefano Kaoze mikono pa Baudouinville. Tangu siku ile akaitwa Abe Kaoze.

Tarehe ilichaguliwa vizuri, msomaji anaelewa. Ilikuwa pia namna ya kuonyesha Leta kazi ya misheni. Lakini kwa watu wenye walisimama ndani ya kanisa siku ile, walioona mtoto wa kwao anageuka kwenye altari na mavazi ya padri, maana ilikuwa nyingine.

Katika 1920 Roelens alimchukua Ulaya. Walifika Roma, walifika Ubelgiji. Kaoze alitembea ndani ya miji ya wale wenye waliandika juu ya watu wake, watu wakamtazama kwa mshangao. Mweusi mwenye kuongea Kilatini! Tunafikiri kama si rahisi kuonyeshwa kila siku kama ushuhuda wa kazi ya mtu mwingine. Lakini alirudi nyumbani na adabu yake ile ile, akashika kazi.

Na kazi ilikuwa ile ya padri wa misheni: kutembea kwa miguu, kubatiza, kufundisha, kuhukumu ugomvi wa ndoa, kulala kwenye vijiji vya mbali. Katika miaka ya 1930 alipewa kusimamia misheni yenye mapadri wake wote walikuwa Waafrika. Leo hilo halimshangazi mtu. Wakati ule lilikuwa jaribio. Walitazama hesabu za pesa, walitazama paa la kanisa, walitazama kama mapadri weusi wataweza kuishi pamoja na kusikilizana. Waliweza.

Nyuma yake wengine walikuja. Tutaje mmoja, kwa sababu jina lake linarudi tena midomoni. Captain Joubert alizaa mtoto na mke wake wa hapa, katika 1908, jina lake Albert. Mtoto huyu alisoma katika seminari zile zile za kwetu na akafanywa padri mu 1935. Alikuwa chotara, mtoto wa askari wa Lavigerie na wa mama wa Marungu. Katika Novemba 1964, wakati wa vita vya Simba, aliuawa pa Fizi pamoja na mmisionari Mwitalia. Mwezi wa Agosti 2024, kule Uvira, Kanisa lilimtangaza mwenye heri pamoja na wenzake watatu. Wakristo walijaza uwanja. Wangapi kati yao walijua kama mizizi ya mti huo iko Mpala na Lusaka?

Turudie kwa Kaoze. Nyuma ya vita vya pili, Leta ya koloni ilianza kuweka Waafrika wachache katika baraza zake za ushauri, na Abe Kaoze aliitwa kati ya wa kwanza. Alikuwa mzee sasa, na wakubwa wa Leta walimheshimu. Tunasema wazi kwamba baraza hizo hazikuwa na nguvu ya kukata neno. Zilitoa mashauri tu, na gavana alifanya vile alitaka. Hata hivyo mtoto wa zamani ya Mpala alikaa sasa pa meza yenye sheria za watu wake zilizungumzwa juu yake.

Katika miaka ya mwisho alishika kalamu kwa kazi nyingine. Mara hii hakuandika juu ya akili ya Wabantu wote. Aliandika historia ya ukoo, historia ya Bena-Kilunga: wakubwa walitoka wapi, walipita mito gani, nani aligombana na nani, nani alishika udongo gani. Ile hesabu ya majina yenye wazee wanaibeba vichwani, yenye inapotea kila tunapozika mzee mmoja. Maandiko hayo ni ya karibu na 1950, na yalichapwa nyuma ya kifo chake na mtu wa elimu mwenye alichunguza inchi yetu.

Sisi tunaona kama hapo ndipo alipofunga duara lake. Katika ujana wake alijibu swali la wazungu: je, watu hawa wanafikiri? Katika uzee wake alijibu swali la watoto wa kwao: sisi ni nani, tulitoka wapi? Mtu mwenye hakuzaa mtoto, mwenye aliogopewa kwamba atapoteza jina la ukoo, ndiye aliandika majina ya ukoo yasipotee.

Alikufa katika 1951, pa Albertville, Kalemie ya leo. Hakuona uhuru. Roelens alikuwa amekufa mbele yake, katika 1947, pale pale Baudouinville. Nyuma ya miaka michache miji ikabadilisha majina, misheni zikabadilisha wakubwa, halafu kukaja vita juu ya vita.

Sasa tuseme kwa nini tumeandika haya yote. Mashule mengi ya zamani katika jimbo letu yamepoteza mabuku yao. Vita vilipita, wezi walipita, mchwa nao hawakulala. Fasi zingine kaye za majina ya wanafunzi wa kwanza zilifungia karanga sokoni. Mtoto anasoma miaka sita ndani ya jengo lenye miaka mia, na hakuna hata karatasi moja ukutani ya kumwambia nani alikaa pa benchi mbele yake. Anafikiri kama historia inafanyika Kinshasa ao Ulaya tu.

Kaoze anatufundisha kitu chepesi. Shule ndogo ya Mpala haikujengwa kwa ajili ya kutoa mtu wa falsafa. Ilijengwa kwa kutoa watumishi wa Kanisa wenye kutii, na Kaoze alitii. Lakini mtu akiisha kupewa kalamu, hakuna mwalimu mwenye anajua mwisho wake. Walimpa Kilatini kwa ajili ya misa; yeye akatumia masomo yake kuwatetea wazee wa kwao wenye hawakujua kusoma.

Tunaomba basi kwa wakubwa wa mashule, kwa mapadri wenye wanashika funguo za maofisi ya zamani, na kwa jamaa zenye zingali na picha ao barua ya babu aliyesoma Lusaka: msitupe. Mtoto wa secondaire mwenye kaye na kalamu anaweza kukaa jioni moja na mzee na kuandika majina. Kaoze alifanya vile alipokuwa mzee mwenyewe. Ingefaa wengine waanze wangali vijana, mbele wazee wa sasa hawajaenda.